Kishikwambi Kabatini, Mtoto Hajui Kusoma

Nilipohamishiwa kata hii ya mkoani Tabora kuwa Afisa Elimu Kata (walimu wengi bado wananiita Mratibu, jina la zamani la cheo), shule zetu tano zilikuwa mkiani mwa wilaya kwa matokeo ya darasa la saba. Kwenye vikao tulijieleza kwa yale yale: utoro, uhaba wa walimu, madarasa kufurika tangu michango ilipofutwa mwaka 2016. Yote kweli. Dawa yetu ikawa makambi na majaribio ya kila Jumamosi kwa darasa la saba.

Siku moja nilimwita mtoto wa darasa la tatu nikampa kitabu cha darasa la kwanza. Alisoma ukurasa mzima bila kukwama, macho yakiwa kwangu. Nikachukua kalamu, nikaandika maneno yale yale kwa mpangilio mwingine. Akanyamaza. Alikuwa ameukariri ukurasa. Nilirudia zoezi hilo katika shule zote tano, na jioni ya siku ya mwisho sikuweza kula.

Watoto wetu wengi wanaongea Kinyamwezi au Kisukuma nyumbani. Kiswahili wanakikuta shuleni. Mwalimu akiimbisha "ba, be, bi, bo, bu", sauti za wanaojua zinawafunika wasiojua. Mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa mwaka 2015 ulitaka mtoto aisikie sauti kwanza, aione herufi yake, ndipo aunganishe silabi. Lakini baadhi ya waliopangiwa darasa la kwanza hawakuwahi kupata mafunzo ya njia hiyo. Hilo silisemi kuwalaumu.

MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, yalipofika kwetu niliyaharibu mwenyewe. Nilisimama mbele nikisoma moduli, wao wakinakili. Swali la kwanza lilikuwa, "Mratibu, posho ipo?" Haikuwepo, na mwalimu aliyetembea juani kuja kunisikiliza ana haki ya kuuliza. Nikaacha kuwaita makao makuu ya kata. Tukakutana kila shule kivyake, saa moja baada ya vipindi, ndani ya chumba cha darasa la kwanza.

Vishikwambi, yaani tableti, vilikuwa vimekuja kwa walimu baada ya kutumika kwenye Sensa ya 2022. Vingi vililala kabatini, kila mtu akihofia kukatwa mshahara kikipotea. Nilimwomba mwalimu mmoja, mama mtu mzima anayejitengenezea zana zake za kufundishia kwa vifuniko vya soda vilivyoandikwa silabi, turekodi kipindi chake.

"Hiyo video utampelekea Afisa Elimu Wilaya?"

"Hapana, mama. Inabaki kwako. Wa kuonyeshwa utamchagua wewe."

Tulirekodi dakika nane. Akaitazama mara mbili, kimya, kisha akawaambia wenzake: "Walio nyuma sikuwagusa kabisa. Nimeuliza hawa wa dirishani tu." Nilikuwa nimeliona hilo nikiwa mlangoni, na nashukuru sikulisema. Lingetoka kwangu, lingekuwa ukaguzi. Wiki iliyofuata wawili wakajitolea kurekodiwa, nami nikafundisha kipindi wanirekodi, wakaniambia naongea haraka mno.

Mtandao kwetu unapatikana kwa kubahatisha. Kwa hiyo nikienda mjini napakua vitabu vya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, naviweka kwenye kadi ya kumbukumbu, navisambaza kwa pikipiki. Video za walimu wenyewe zinasafiri hivyo hivyo, kwa ruhusa yao. Kuchaji ni kwenye shule yenye sola.

Makambi ya darasa la saba niliyapunguza, na nililaumiwa sana. Mwaka wa kwanza matokeo hayakusogea hata kidogo. Wa pili tulitoka mkiani, si mbali. Ila watoto wa darasa la pili sasa nawaandikia sentensi ambayo hawajawahi kuiona na wengi wanaisoma, polepole, kidole kikifuata mstari. Shule moja bado inatusumbua, maana kila anayezoea darasa la kwanza huhamishwa.

Yule mama anastaafu Desemba. Wiki hii tunamrekodi akifundisha silabi mwambatano, "mbwa" na "nywa", na anayeshika kishikwambi ni mwalimu kijana atakayelipokea darasa lake.