Bondeni kwa basi: mtihani uko dirishani

Kariakoo nzima itakuambia Sauzi haina visa. Mkata tiketi atakuambia, kinyozi atakuambia, na jirani ambaye hajawahi kuvuka Chalinze ndiye atakayesema kwa uhakika kuliko wote. Na wala hawadanganyi. Mtanzania mwenye pasipoti ya kawaida anaruhusiwa kuingia Afrika Kusini kutembea bila visa, hadi siku 90 kwa mwaka. Tabu ni kwamba mtu akishasikia hivyo anafunga begi. Mimi nimeipita njia yote ya nchi kavu kutoka Dar hadi Johannesburg, na ninachosema ni hiki: mtihani haukufutwa. Anayekwenda Ulaya anaufanyia ubalozini, akifeli anapanda daladala kurudi kwake. Sisi wa Bondeni, yaani Sauzi, tunaufanyia mpakani, nauli imeshaliwa na kwenu ni mbali.

Ilikuwa mwezi wa sita, shule zimefungwa. Nilikuwa nampeleka binti wa kaka yangu, darasa la nne, akamwone baba yake anayefanya kazi Johannesburg. Wifi yangu hakupata ruhusa kazini, kwa hiyo shangazi mtu ndiye aliyebebeshwa mtoto, mabegi na bahasha la karatasi.

Na hilo bahasha ndilo lililotuchukulia muda kuliko mengine yote. Tulianzia Kurasini, Uhamiaji, kwa sababu mtoto naye anahitaji pasipoti yake. Fomu inajazwa mtandaoni, unapewa namba ya malipo, unalipa (ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000), kisha unakwenda na karatasi zako mkononi. Foleni ya Kurasini ina elimu yake. Mbele yetu alikuwapo baba mmoja ambaye cheti cha kuzaliwa kinamwita Mohamed na kitambulisho cha taifa cha NIDA kinamwita Mohamedi. Herufi moja tu. Ofisa aliziweka karatasi mbili sambamba juu ya meza, akaweka kalamu chini ya ile "i", akamwangalia. Yule baba akaanza kueleza habari za karani aliyemwandikisha shule ya msingi. Ofisa alimsikiliza hadi mwisho kwa adabu zote, kisha akamwelekeza akaape kwanza, arudi na kiapo.

Kwa mtoto, pasipoti pekee haitoshi. Tarehe 1 Juni 2015 Afrika Kusini ilianza kudai cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi kwa kila mtoto anayevuka mpaka wake, lengo likiwa kuzuia biashara haramu ya watoto. Watalii walilalamika sana, na mwaka 2019 masharti yakalegezwa kwa watoto wanaosafiri na wazazi wao. Lakini mtoto aliye na shangazi, bibi au mwalimu bado anaweza kudaiwa karatasi: cheti cha kuzaliwa, barua ya wazazi ya kukubali asafiri, nakala za pasipoti au vitambulisho vyao, na namba zao za simu. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kina jina la baba na la mama, hapo hatukuwa na shida. Wifi aliapa kwa wakili, kwa Kiingereza, ili ofisa asihitaji mkalimani. Kaka naye akatuma kiapo chake, nakala ya kibali chake cha kuishi kule, na barua ya mwaliko yenye anwani kamili. Wifi alidhani nazidisha. "Kwani unamwiba?" aliniuliza. Nikamwambia wifi, wewe unanijua, yule wa dirishani hanijui.

Kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, tulipata Mnazi Mmoja. Wengine wanasema Tanzania haimo katika kila orodha ya nchi ambazo wasafiri wake wanadaiwa cheti hicho. Huenda, lakini orodha hizo zinabadilika, na ukiunganisha safari kupitia nchi nyingine hesabu inageuka. India, kwa mfano, humweka karantini hadi siku 6 mtu aliyetoka au kupita nchi yenye ugonjwa huo bila cheti. Cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 ni cha maisha. Sindano moja, umemaliza. Sijui kwa nini mtu anunue kadi ya kichochoroni.

Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, basi la Lusaka linaondoka limejaa hadi kwenye korido: vitenge, ndoo, dagaa. Morogoro, Mikumi, Kitonga, Iringa, Makambako, Mbeya. Njia hiyo kila mtu anaijua, sina la kuongeza isipokuwa kwamba Kitonga usiku ukikaa upande wa bonde, bora usinzie.

Kiti cha nyuma yetu alikaa kijana anayeuza spea mtaa wa Gerezani, Dar. Mchangamfu, anagawa karanga. Alikuwa anakwenda Durban kumsalimia kaka yake na kuangalia bei za spea. Alikuwa na begi moja dogo, pasipoti mpya kabisa, na simu. Nikamuuliza tiketi ya kurudi. Akacheka. "Shangazi, Sauzi haina visa." Alishaanza kuniita shangazi kwa kumsikia mtoto.

Tunduma ni mji unaoishi kwa foleni. Malori yamejipanga barabarani hadi macho yanachoka, wabadilisha fedha wanakufuata na mabunda ya kwacha, na mtu asiye mwangalifu anaweza kutembea kwa miguu kati ya nyumba mbili akajikuta yuko Nakonde, Zambia, bila kuonana na ofisa yeyote. Hiyo ndiyo hatari ya pale. Kituo ni cha pamoja: maofisa wa nchi mbili wamo jengo moja, na anayetoka Tanzania anahudumiwa upande wa Nakonde. Unagongewa kutoka, unasogea dirisha la pili unagongewa kuingia. Mama mmoja wa basi letu alitaka kuunga moja kwa moja dirisha la Zambia kwa kuwa la kwanza lilikuwa na watu wengi. Konda akampigia kelele, na kwa mara ya kwanza nikampenda konda. Muhuri unaokosekana leo utaulizwa mpaka unaofuata, na huko hakuna wa kukutetea.

Ofisa wetu wa Tanzania ndiye wa kwanza kudai karatasi za mtoto. Alisoma kiapo cha wifi chote, mstari kwa mstari, akamuuliza mtoto kwa Kiswahili, "Unakwenda wapi, na nani kakutuma?" Mtoto akamjibu hakutumwa, anakwenda kwa baba. Akagonga.

Zambia hatudaiwi visa, ni wenzetu wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Saa inarudi nyuma saa moja, barabara inanyooka, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi ambako reli ya TAZARA inakomea baada ya kilometa 1,860 kutoka Dar. Lusaka tulibadilisha basi. Yule kijana wa Gerezani alitubebea begi kubwa, tukapeana namba.

Chirundu, mpaka wa Zambia na Zimbabwe, ni joto. Ndicho kituo cha kwanza cha mpaka wa pamoja Afrika, tangu mwaka 2009, na kwa kweli kilikwenda haraka. Zambezi inapita chini ya daraja la Otto Beit la mwaka 1939, na pembeni lipo jipya. Huko mbele, kwenye Limpopo, Beitbridge imepewa jina la Alfred Beit, kaka yake Otto. Ndugu wawili, mito miwili, na sisi katikati tumeshika pasipoti. Zimbabwe nayo haitudai visa.

Beitbridge tulifika usiku, baridi ya mwezi wa sita ikiuma masikio. Pale hakuna jengo la pamoja kama Chirundu: unatoka Zimbabwe kwanza, unavuka daraja, kisha unaanza upya upande wa Afrika Kusini, ambako tangu 2023 madirisha yako chini ya mamlaka maalum ya mipaka. Dereva alituambia shukeni wote, simu mfukoni, msipige picha.

Hapa ndipo mtihani ulipo. Ofisa, mwanamama wa makamo mwenye shali, alichukua pasipoti zetu mbili akazipekua kwa kidole gumba, ukurasa hadi ukurasa. Wanataka pasipoti isiishe kabla ya siku 30 baada ya kuondoka kwako, na kurasa tupu za kugongea, weka mbili. Akauliza nakwenda wapi. Nikataja mtaa na namba ya nyumba. Nani anakaa hapo? Kaka yangu, baba wa mtoto. Mtarudi lini? Nikatoa tiketi za kurudi. Nina fedha gani? Nikatoa taarifa ya benki na kumwonyesha randi nilizobeba. Sikumrundikia bahasha lote. Anachouliza ndicho nilichompa, kwa sababu karatasi usiyoulizwa inazaa swali jipya.

Kisha akafika kwa mtoto. Alisoma viapo vyote viwili, akalinganisha sahihi ya wifi na ile ya kwenye nakala ya pasipoti yake, akachukua simu ya mezani, akapiga Dar. Moyo ulinienda mbio, maana Dar ilikuwa imeshapita saa saba usiku. Wifi alipokea kabla mlio wa pili haujaisha. Nadhani alilala na simu kifuani. Nilimsikia akijibu kwa Kiingereza cha ofisini, jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, jina langu. Ofisa akasema asante. Tukapigwa picha, muhuri ukashuka.

Soma muhuri wako kabla hujaondoka dirishani. Siku 90 ni kikomo, si haki. Ofisa anaandika anazoona zinatosha kwa ulichomweleza, na sisi alituandikia pungufu. Tarehe ile si ya kuichezea. Tangu Mei 2014, mtu anayezidisha siku Afrika Kusini hapigwi faini akaachwa. Akizidisha si zaidi ya siku 30 anafungiwa kuingia miezi 12, akirudia ndani ya miezi 24 anafungiwa miaka 2, na aliyepitisha siku 30 anakaa nje miaka 5. Wapo wanaodhani wakichungulia Zimbabwe au Msumbiji na kurudi hesabu inaanza upya. Haianzi, zile 90 zinahesabiwa kwa mwaka. Na anayekusudia kazi au masomo aanze na ubalozi wao kule Masaki kabla hajakata tiketi, kwa sababu ukishaingia kama mgeni wa matembezi, kubadilisha hadhi ukiwa ndani ni jambo la nadra sana.

Nilipogeuka nikamwona kijana wa Gerezani kwenye dirisha la tatu. Anakwenda wapi? Durban. Durban wapi? Kwa kaka. Kaka anakaa mtaa gani? Akatoa simu kumpigia, haikupatikana. Tiketi ya kurudi hana. Fedha alizokuwa nazo zilikuwa za Kitanzania nusu, dola kidogo nusu. Ofisa hakumfokea wala hakumdharau. Alimwandikia karatasi, akamweleza arudi upande aliotoka. Konda akashusha lile begi dogo, na basi haliwezi kumsubiri mtu mmoja. Alikuja kuniaga kama mtu anayeshuka kituo cha kawaida, akampa mtoto karanga zilizobaki.

Nilikasirika, na hasira yangu haikuwa kwa yule ofisa. Ni kwa waliomkatia tiketi Dar. Mtu anapokea fedha ya nauli ya kuvuka nchi tatu na hamuulizi abiria hata swali moja. Ungekuwa uwanja wa ndege angezuiwa kaunta pale pale, kwa kuwa shirika la ndege likimbeba asiyetimiza masharti linagharamia kumrudisha, kwa hiyo linakagua kwa faida yake. Kwenye basi hakuna anayekagua, na ofisa wa kwanza kukuuliza maswali ya maana ni yule mwenye uwezo wa kukurudisha.

Asubuhi tulikuwa Johannesburg, kaka amesimama Park Station na makoti mawili mkononi.

Kijana alinipigia baadaye kutoka Harare, amefikia kwa Mtanzania mwenzetu mwenye duka. Kaka yake wa Durban ameshapatikana. Simu ilikuwa imeisha chaji, basi. Anataka kujaribu tena. "Shangazi, hiyo barua ya mwenyeji inaandikwaje?"

Nikamwambia achukue kalamu. Jina kamili la kaka yako kama lilivyo kwenye kitambulisho chake. Namba ya kibali chake, na nakala aambatishe. Jina lako na namba ya pasipoti yako. Unakuja kufanya nini, unakaa tangu lini hadi lini, nani anakulisha. Sahihi, tarehe, simu ambayo ina chaji. Tiketi ya kurudi nunua kabisa, na wakikuuliza waambie waziwazi kwamba ulirudishwa, maana wanaona kwenye kompyuta.

"Na anwani niandike Durban?"

Mtaa, nikamwambia. Mtaa na namba ya nyumba.