Ndoo ya Mvuke na Kopo la Sifa

Mabaharia wastaafu wa jeshi la majini la Marekani hucheka hadi leo wakikumbuka vitu vya uongo walivyotumwa walipokuwa wageni melini: ndoo ya mvuke, futi kadhaa za ufuo, grisi ya "relative bearing". Hiyo ya mwisho ndiyo kali. Kwa Kiingereza neno moja lina maana ya beringi ya mashine na pia uelekeo wa kitu ukipimwa kutoka omo, yaani mbele ya chombo, nyuzi 0 hadi 360. Uelekeo haupakwi grisi, lakini mwanagenzi atajuaje?

Kwa Kiswahili utani huo unakufa. Ila pwani ya Bagamoyo, penye mafundi wa majahazi, tuna wa kwetu, tena wa kinyume: mwambie kijana akalete sifa. Atakaa kitako akidhani anachezewa, kumbe sifa ni mafuta ya maini ya papa, ya kupaka mbao zisipasuke kwa jua. Harufu yake haisifiki.

Ukitaka kumtuma kitu cha uongo, kichanganye na vya kweli: tezo ya kuchongea mbao, pamba ya kalafati ya kuzibia mianya ya mbao, kisha "robo lita ya kusi", yaani ya upepo. Mjulishe mwenye duka mapema, la sivyo atamuuzia kitu na hela imekwenda. Usimtume maji yakijaa na kalafati haijaisha; mwanya mmoja uliosahauliwa unatosha kuingiza maji. Na mvuke usiutanie karibu na boila: unababua kuliko maji ya moto.