Mgeni aliyekosa pa kukaa barazani

Upasuaji wangu wa ngiri uliahirishwa mara mbili kwa sababu ya karatasi ya vipimo. Nyutrofili, zile chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu, 1,300, na mashine imeweka alama pembeni: eti chini ya 1,500 si salama. Nikarudi Ngamiani na vidonge vya kuongeza damu, ambayo wala haikupungua. Nikapima tena: 1,250. Mke wangu akaanza kunisomea dua. Na mimi hata jipu sijaugua miaka!

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa maabara, mtu wa Muheza. Akaiangalia karatasi, akaniuliza, "Ndugu yangu, Duffy yako umewahi kupima?" Tukapima kundi hilo la damu. Hasi.

Jeni ya kundi hilo, ACKR1, iko kromosomu ya 1 na ni nzima kabisa. Kasoro iko nje yake, mbele kidogo, kwenye promota. Nilivyomwelewa mzee, promota ni baraza la nyumba. Mgeni hufikia barazani, akae, ndipo afunguliwe mlango. Katika chembe zinazokua ziwe chembe nyekundu, mgeni ni protini iitwayo GATA-1, na kiti chake ni herufi chache tu za DNA. Kwetu sisi herufi moja, T, imekuwa C. Anafika, hapati pa kukaa, anakwenda zake. Tournamille na wenzake walilionyesha hilo mwaka 1995.

Lililoniacha mdomo wazi ni hili: kuta za mishipa yangu ya damu zina C hiyo hiyo, na kule jeni inafanya kazi kama kawaida, maana hazimtegemei GATA-1. Nyumba ile ile, ila kuna mlango wa uani.

Kinachotengenezwa na jeni hii ni kipokezi kinachonasa kemokini, protini zinazoita chembe za kinga. Malaria ya vivax nayo hukishika hicho hicho iingie kwenye chembe nyekundu. Waafrika wengi hatuna kwenye chembe hizo, ndiyo maana vivax ni adimu kwetu. (Falsiparamu, kimelea mwingine wa malaria, huyu wetu wa Tanga, ana njia zake. Amenilaza mara nne.) Mwaka 2009 watafiti wakaihusisha herufi hiyo na nyutrofili chache, za watu wasio na ugonjwa wowote.

Ngiri ilikatwa Machi. Kwenye daftari langu la kliniki mzee ameandika kwa wino mwekundu: "Duffy hasi. 1,300 ndiyo kawaida yake." Wanangu nao nawapeleka kwake Jumamosi.