Nilivyompangia Ami barua zake na daftari la hewa

Ami yangu alikuwa diwani zama za baraza la manispaa, kabla ya kaunti kuanza mwaka 2013. Alipoacha kiti alidhani watu watamwacha apumzike. Wapi! Huyu ataka barua ya kumtambulisha mwanawe chuoni, yule ana kesi ya mirathi kwa kadhi, mwengine kiwanja chake kimeuzwa mara mbili na ataka "neno moja tu" lipelekwe ofisi fulani. Barua zikiletwa kwa mkono mpaka barazani kwake Kibokoni, hapa Mombasa, nyingine zikiingia kwa simu zikachapishwa, na zote makazi yake yalikuwa bati la biskuti juu ya kabati. Mtu akirudi kuuliza jibu, Ami hakumbuki hata kama aliletewa barua.

Kazi ya kuyaweka sawa nilipewa mimi kwa kuwa naishi naye na mwandiko wangu wasomeka.

Mpango wenyewe sikuubuni. Nilikuwa nimesoma habari za Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, aliyeondoka madarakani Machi 1809 akarudi kwake Monticello, Virginia. Barua zikamfuata huko huko. Mwaka 1822 alimwandikia John Adams, rais mstaafu mwenzake, kwamba amehesabu barua zilizomfikia mwaka 1820 peke yake akakuta 1,267, nyingi zikitaka majibu ya kufanyiwa utafiti. Akasema maisha hayo ni ya farasi wa kinu. Nilipomsomea Ami alicheka sana. "Sema ngamia wa kinu cha mafuta," akaniambia, "hapa tungemwelewa."

Kilichomwezesha Jefferson kutopotea ni orodha. Tangu 1783 mpaka alipokufa 1826 aliandika mstari mmoja kwa kila barua aliyotuma na kila aliyopokea, pamoja na tarehe zake. Basi nikanunua kaunta buku. Upande wa kulia barua zinazoingia: tarehe iliyoandikwa, tarehe iliyofika, nani, kutoka wapi. Upande wa kushoto zinazotoka. Jambo lenyewe nalitaja kwa maneno mawili matatu tu, mfano "ada, mtoto wa pili" au "kiwanja Kisauni". Nilimkatalia Ami alipotaka niandike maelezo marefu. Ukishaanza kueleza kila barua, siku ya tatu daftari litakuwa limekushinda.

Nakala nazo ni muhimu. Jefferson tangu 1804 alitumia chombo chenye kalamu mbili zilizounganishwa kwa vijiti: ukiandika kwa moja, ya pili yakufuata na kuandika nakala yako papo hapo. Mimi napiga picha kwa simu kabla bahasha haijafungwa, na nambari ya mstari wa daftarini naiandika kwenye pembe ya barua ili ionekane pichani. Bila ile nambari, picha ni takataka nyingine simuni.

Kuna jambo ambalo siwezi kulipita. Jefferson mwenyewe alieleza kuwa hukaa mezani akiandika tangu jua kuchomoza hadi saa saba au nane za mchana. Nani alikuwa shambani saa hizo? Katika uhai wake alimiliki watumwa zaidi ya 600. Sisi ambao Frere Town, makazi ya waliokombolewa utumwani, iko ng'ambo tu ya kisiwa chetu, hatuhitaji kuelezwa maana yake. Nimechukua orodha yake. Mtu mwenyewe simpambi.

Sasa, daftari la barua lilikuwa na shida moja: siku ambayo hakuna barua, Ami haji mezani, na siku ya pili haji, na ya tatu huwa ni sisi kuanza upya. Hapo ndipo nilipoingiza hewa. Jefferson alianza kuandika hali ya hewa Philadelphia mwanzo wa Julai 1776. Siku ile ya tarehe 4, Marekani ikitangaza uhuru wake, saa saba mchana alipima digrii 76 za Farenhaiti, kama 24 za Selsiasi. Kwetu hiyo ni baridi ya Julai, watu washatoa masweta. Aliendelea na kazi hiyo, kwa vipindi, karibu miaka 50. Ami lakini alimpenda zaidi George Washington, ambaye naye aliandika hewa baada ya kustaafu: mara ya mwisho ni tarehe 13 Desemba 1799, theluji ya kama inchi tatu asubuhi, na kesho yake akafa. "Huyo ndiye mwanamume," akasema Ami. Toka siku hiyo hakuwa na udhuru.

Kipimajoto kilitusumbua pa kukiweka. Ukutani hapafai, maana nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe na ukuta uliopigwa na jua hukaa na joto lake mpaka usiku. Nilikitundika kwa uzi kwenye boriti ya ukumbi unaoelekea uani, kivulini, upepo ukipita. Jefferson alisoma mara mbili: alfajiri, na kati ya saa tisa na saa kumi za alasiri, kwa kuwa kwake hizo ndizo saa za baridi kabisa na za joto kabisa. Alfajiri tuliikubali, Ami akitoka kuswali hupita hapo hapo. Ile ya alasiri tulipoijaribu tuliona joto limeshaanza kushuka, kwa sababu upepo wa bahari huingia kisiwani mapema ukalipunguza. Sisi twasoma saa nane.

Cha mvua nilikitengeneza. Nilikata shingo ya chupa ya plastiki iliyonyooka mbavu, nikaipindua nikaitumbukiza ndani iwe faneli. Kitako cha chupa kina mabonde, kwa hiyo nilitia kokoto na maji mpaka pale inapoanza kunyooka, nikapiga mstari wa sifuri na kubandika rula juu yake. Kiko darini, mbali na tangi. Nakisoma saa tatu asubuhi, nakimwaga, kisha nairudisha sifuri kwa maji, maana jua la hapa huyanywa hata yale ya chini. Mei, masika yakikolea, nahakikisha sikosi hata asubuhi moja, kwa kuwa kikifurika hesabu yote imeharibika.

Upepo ni wa Ami peke yake. Nilifunga utepe wa leso juu ya mlingoti wa antena, lakini yeye hautazami. Hutoka barazani, husimama kidogo, akaniambia, "Andika kusi, lakini bado haijakaza." Kisha huniambia tuko mwongo wa ngapi, akihesabu siku kumi kumi tangu Nairuzi, mwaka mpya wa jua wa Waswahili, kama walivyohesabu manahodha, na hilo nalo nimelipa safu yake. Jefferson aliandika pia miti ya matunda ilipochanua na njegere zilipofika mezani. Ami huandika embe za kwanza sokoni na bei yake, na bei huiandika kwa hasira.

Tangu hewa iingie daftarini, barua hazilali. Akishaandika digrii zake za alfajiri kalamu iko mkononi, na barua ya jana iko mbele yake, basi huijibu. Mpaka saa nne amemaliza, na anayekuja baada ya hapo hungoja kesho. Kilichobaki kigumu ni barua za kukataa. Ami hawezi kuandika hapana. Nimemtungia mistari minne: amepokea barua, hana tena uwezo juu ya jambo hilo, ofisi inayohusika ni hii, na dua. Huinakili kwa mkono wake, na mara nyingi huongeza mstari wa tano wa kuomba radhi ambao sikuutaka.

Rafiki yake wa zamani, aliyehamia Tanga, sasa huandikiwa kila mwezi, barua ya karatasi yenye hewa ya Mombasa chini ya salamu. Naye amenunua kipimajoto na hurudisha ya kwake. "Mwenzangu yuwasema Tanga yafika thelathini na saba," aliniambia juzi akiivua miwani. Hasadiki hata kidogo kwamba kimetundikwa kivulini, na barua ya kumuuliza ukuta wake watazama wapi ishaingia daftarini, upande wa kushoto.