Jumapili moja Sainte-Adresse

Nilipokuwa mwanafunzi Le Havre, mji wa bandari wa Ufaransa, nilipanga chumba kwa mzee mmoja mzaliwa wa Uvira, mashariki mwa Kongo, fundi mstaafu wa bandarini, ambaye tangu siku ya kwanza nilimwita baba. Aliposikia kwamba kwetu ni Tabora, alisema kuna jengo ambalo hainifai kuondoka Ufaransa bila kuliona. Jumapili iliyofuata tukashika njia ya ufukweni, tukatembea mpaka mji ukatuishia bila sisi kutambua, tukawa tumeingia Sainte-Adresse.

Ni mji mdogo wenye meya wake, uliokaa mlimani na kuitazama bahari. Le Havre iliteketezwa kwa mabomu ya ndege za Waingereza mwezi Septemba 1944 na kujengwa upya kwa zege, lakini huku juu zimebaki nyumba nyingi za kitajiri za zamani, na chini yake ufuko wa kokoto ambao mchoraji Claude Monet aliuchora mwaka 1867. Ni mahali pazuri mno, na uzuri huo ulinifanya niyapokee kwa ugumu zaidi yale ambayo mzee alikuwa amenileta kuyasikia.

Jengo lenyewe lilijengwa na mfanyabiashara Georges Dufayel, aliyetaka kuugeuza mlima huu kuwa mji wa mapumziko. Ubelgiji ilipotwaliwa na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, karibu nchi nzima, serikali yake ilihamia hapa mwezi Oktoba 1914 na kukaa hadi Novemba 1918, ikawa hata na posta iliyouza stempu za Kibelgiji katika ardhi ya Ufaransa. Mfalme Albert I alibaki na askari wake nyumbani. Mawaziri ndio waliokuja, akiwemo Jules Renkin, Waziri wa Makoloni. Serikali hiyo, ambayo haikuwa na nchi ya kutawala isipokuwa kipande kidogo kando ya bahari, bado ilikuwa na koloni lake la Kongo nzima mkononi, na kwa idhini yake majeshi ya Kongo chini ya Jenerali Charles Tombeur yalivuka mpaka wa koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki mwaka 1916, yakaingia Tabora tarehe 19 Septemba.

Nilikuwa nimezisoma habari hizo shuleni, lakini sikuwahi kuambiwa zilitokea wapi. Mzee alisimama mbele ya jengo akanisimulia habari za kaka yake babu yake, kijana aliyechukuliwa kuwa mpagazi, akaondoka na mzigo wa risasi kichwani kuelekea mashariki na asirudi tena. Nami nikamweleza aliyonisimulia bibi, aliyoyapata kwa mama yake: jinsi watu wa kwetu walivyofukia mtama na kukimbilia porini waliposikia kwamba jeshi linakuja kutoka magharibi. Hatukulaumiana hata kidogo. Yule kijana na wale waliomkimbia walikuwa wameingizwa katika vita ambavyo hakuna aliyewauliza juu yake.

Tulipanda hadi kwenye mnara mweupe ambao mjane wa Jenerali Lefebvre-Desnouettes alimjengea mumewe, aliyezama baharini mwaka 1822, ili pia uwaongoze mabaharia. Simnyimi marehemu huyo heshima yake. Lakini Tombeur naye alipewa jina la Tabora liambatane na lake, na Brussels kuna mtaa unaoitwa Tabora, ilhali wapagazi waliokufa njiani kwa njaa, kuhara na uchovu hawakuandikwa hata majina. Jambo hilo liliniuma siku ile, na linaniuma hadi leo.

Wakati wa kuteremka mzee aliniuliza kama yako makaburi upande wa Itaga, palipopiganwa kabla mji haujatwaliwa. Usiku huohuo nilimwandikia mjomba wangu, ambaye analima upande huo, nikamwomba awaulize wazee wa huko wapagazi walizikwa wapi, nikamtajia na jina la yule kijana wa Uvira.