Hodi tatu

Mwaka 1992 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. ITV ilikuja 1994. Mtu wa Tanga aliyetaka kuona picha alikwenda sinema, au alikuwa na jirani mwenye mtoto Maskat, Oman, wa kumletea deki ya video. Sisi tulikuwa na jirani.

Deki ilikaa juu ya meza, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama jeneza la mtoto mchanga, na kitambaa hicho alikiondoa mwenye nyumba peke yake. Siku ile ya likizo ya Juni tulijaa ukumbini kwake pale Ngamiani, watoto mbele kwenye mkeka, watu wazima nyuma, bibi yangu kwenye kiti cha ukindu kwa sababu ya magoti. Kaseti ilikuwa imeandikwa HARUSI kwa peni. Tulidhani tunakwenda kuona harusi. Kumbe mtu kairekodi filamu juu ya harusi ya watu, na filamu yenyewe, kama nilivyokuja kujua ukubwani, ilikuwa *Fright Night* ya mwaka 1985, iliyoandikwa na kuongozwa na Tom Holland. Siyo yule kijana wa Spider-Man. Huyo alikuwa hajazaliwa.

Picha ilikuwa na chenga na Kiingereza chake kilikuwa cha puani, kwa hiyo mkalimani akawa kaka yetu, mtoto wa baba mkubwa, aliyekuwa Kidato cha Tatu. Mwanzoni mnamwona kijana wa shule, Charley, yuko chumbani na mchumba wake. Kaka akasema, "Wanasoma." Bibi akauliza mbona hakuna daftari. Kaka akajibu wanasoma kwa moyo.

Halafu Charley anachungulia dirishani, anawaona wanaume wawili wanaingiza jeneza nyumba ya jirani, usiku wa manane. Baadaye anamwona jirani mwenyewe, Jerry, mwanamume mtanashati wa kutosha kuozwa binti, yuko na msichana, na meno yamemtoka. Jerry anamwona. Hagombi, hatukani. Ananyoosha mkono wenye vidole virefu kupita kiasi, anashusha pazia taratibu. Mpaka leo nikishusha pazia huutazama kwanza mkono wangu.

"Ni nani huyo?" watu wakauliza.

Kaka akasita. Neno alilijua kwa Kiingereza, *vampire*, kwa Kiswahili hakuwa nalo. Akatoa lililokuwa karibu: "Mumiani."

Ukumbi ukanyamaza. Hapakuwa na mtoto wa pwani asiyemjua mumiani: anakamata watu gizani, anawatoa damu, damu inakwenda kufanywa dawa. Bibi alikulia enzi za Mwingereza, na mpaka anakufa hakupenda gari la zimamoto lipite mtaani. Kwao wazimamoto ndio waliosemwa wana kazi hiyo. Gari jekundu, mipira mirefu, ndoo: ungetaka ushahidi gani zaidi? Kwa hiyo katika jambo hili yeye ndiye aliyekuwa mtaalamu, na mtaalamu hakukubali.

"Huyo si mumiani," akasema. "Mumiani hang'ati. Ana sindano na mpira. Halafu mumiani ni mtu, ana mabwana zake, analipwa mshahara. Huyo kutwa amelala, hana hata kazi."

Ikabidi filamu isimamishwe kwanza. Wengine wakasema ni jini, wengine popo. Kaka akaomba aruhusiwe kuendelea na mumiani kwa muda, kwa kuwa filamu bado ndefu. Bibi akaridhia, ila kila kaka alipolitamka neno hilo, yeye aliguna.

Ningeweza kuyasahau yote hayo. Kilichoniharibia maisha ni pale rafiki yake Charley anapomweleza namna ya kujikinga. Kaka akasikiliza, akatafsiri sentensi moja, na naamini ndiyo pekee aliyoipata sawasawa siku ile: "Hawezi kuingia nyumba ya mtu mpaka mwenyewe amwambie karibu."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nikafanya hesabu. Mlango wetu wa mbele ulikomewa usiku tu. Watu walipiga hodi wakiwa wameshafika katikati ya korido, na bibi, au mama, aliitikia "Karibu!" kutoka uani, mgongo umeelekea mlango, mikono kwenye unga. Asubuhi ile peke yake walikuwa wameshakaribishwa mwuza samaki, mwuza maziwa, mama mmoja wa kurudisha kinu na mtu aliyekosea nyumba. Wamarekani wana mlango na kengele, na bado mtu aliwaingia. Sisi tulikuwa tumeshaingiliwa na wangapi?

Na kweli, hatukukaa sana. Charley anateremka ngazi, anamkuta mama yake sebuleni na mgeni, kiti kimegeuka, tunaona mkono tu. Ni Jerry. Mama anatabasamu mpaka basi. Jerry naye anamwambia kijana kwa upole kwamba bila kukaribishwa asingefika, na sasa keshakaribishwa, atakuwa anapitapita kila akijisikia, kwa ruhusa ya mama.

"Kamwambia karibu!" mdogo wangu wa kike akapiga yowe. "Mama yake mwenyewe!"

Mwenye nyumba akatuonya kwamba kelele zinaharibu deki.

Nyuma yangu nikamsikia mwanamke mmoja akisema kwa kebehi, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Watu wazima walicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Mwisho wake unajulikana. Charley anamtafuta Peter Vincent, mzee anayetangaza filamu za kutisha kwenye televisheni na kujiita mwuaji wa viumbe hao, naye ni mwoga kuliko mimi. Mzee anamwinulia Jerry msalaba. Jerry anaushika, anauponda, anamwambia lazima awe na imani ndipo ufanye kazi. Ukumbi mzima wa Waislamu ukabaki unajiuliza sisi letu lingekuwa lipi, mpaka bibi akaamua: "Huyo shetani kasema kweli kuliko wote humo ndani." Akashika tasbihi. Jua likachomoza, Jerry akateketea, zikafuata dakika mbili za harusi ya watu wasiotuhusu, bwana harusi akitokwa jasho.

Kitu kimoja nilikibeba nyumbani. Jerry alikuwa akila epo. Kila mara unamwona na tunda, analitafuna kana kwamba hana haraka na dunia. Baadaye sana nilisoma kwamba ni wazo la Chris Sarandon, mwigizaji mwenyewe: alimfikiria Jerry kuwa ana asili ya popo mla matunda. Sisi Tanga tulipata peasi na plamzi za Lushoto, lakini epo jekundu namna ile nilikuwa nimeliona kwenye kitabu cha Kiingereza tu, kwenye herufi A.

Siku tatu baadaye mama na bibi walikwenda kwenye maulidi, wakaniachia nyumba na mdogo wangu. Magharibi ikaingia, umeme hakuna, nimewasha koroboi kwenye korido. Mlango nimeukomea mapema, jambo ambalo halijawahi kutokea nyumbani kwetu.

"Hodi!"

Sauti ya kiume, nzito, na si ya mtaani. Nikapanda kitandani kuchungulia dirishani. Palikuwa na mtu mrefu, koti jeusi mkononi, uso umepauka mweupe. Leo najua lilikuwa vumbi: basi la Mombasa siku hizo likitoka Horohoro lilikufikisha Tanga ukiwa kama umeviringishwa kwenye unga wa muhogo. Lakini saa ile nilitazama kitu kingine. Mkononi alikuwa na epo. Akalifuta kwenye koti, akaling'ata.

"Hodi, wenyewe!" akasema tena, mdomo umejaa.

Mdogo wangu akafungua kinywa. Kuitikia hodi si jambo la kufikiri, hutoka lenyewe kama chafya. Nikamziba kwa kiganja. Akaning'ata, nikavumilia.

"Hodi! Hamuko?"

Akasubiri. Kwenye chuo cha Kurani tulifundishwa: hodi tatu, usipojibiwa, rudi. Naye alikuwa mtu aliyefundishwa vizuri kuliko nilivyomdhania. Akainua mkoba wake, akaondoka. Nikajiona shujaa. Nilimwambia mdogo wangu tumeokoka, naye akaniuliza mbona kavaa kofia ya Kiislamu. Nikamjibu kwamba ni janja.

Mama alizipata habari barazani kabla hajafika kwake. Mgeni alikuwa amemwulizia kwa jirani, akaambiwa nyumba ndiyo hiyo, akasema amebisha hodi tatu, wenyewe hawataki wageni leo. Alikuwa kaka yake, wa mama mwingine, hawajaonana miaka tisa. Mjomba aliyenyimwa mlango Ngamiani alikwenda kulala gesti Chumbageni.

Mama hakunichapa usiku ule. Alikaa kitako kwenye kizingiti, bado na buibui lake, kiatu kimoja kavua, kingine hajavua. Aliniuliza kwa nini. Nilikuwa na maelezo marefu, yenye jeneza na pazia, lakini yaliyotoka ni haya: "Alikuwa anakula epo."

Alinitazama sana. Kisha akamgeukia bibi, kama mtu anayeuliza mtoto huyu ni wa nani.

Kesho yake saa nne mjomba akaja. Jua kali, nikakagua: hatoi moshi, na kivuli anacho. Alisimama nje kabisa, hata barazani hakupanda, akasema hodi. Bibi akaanza kuitikia, mama akamzuia kwa mkono. "Mjibu wewe," akaniambia, "wewe ndiye mwenye nyumba."

Nilisema karibu. Mjomba akatega sikio, akasema hakusikia. Nikasema tena. Akasema watu wa Tanga sauti zao ndogo. Mara ya tatu nilipiga kelele mpaka jirani naye akatoka, ndipo mjomba akavua viatu na kuingia kwa mguu wa kulia, akanipa mkono. Nikamwamkia. Mkono wake ulikuwa wa moto.

Ndani ya mkoba yalikuwa yamebaki maepo manne, zawadi yetu. Bibi alikatiwa kipande chembamba kwa ajili ya meno yake. Akakitafuna muda mrefu, akitazama ukuta.

"Yule wa kwenye video," akaniuliza, "alikuwa akila haya haya?"

Nikamwambia ndiyo.

"Ndiyo maana alitaka damu," akasema, akakirudisha kilichobaki sahanini.