Chuo kilichozaliwa melini

Nilipanda treni asubuhi katika stesheni ya Paddington, London, na kwa muda mrefu hapakuwa na kikubwa cha kutazama ila mashamba na ng'ombe. Baada ya Exeter mambo yakabadilika. Reli inashuka hadi ufukweni, na kufika Dawlish ni ukuta wa mawe tu unaoitenga na bahari. Februari 2014 mawimbi yaliubomoa ukuta huo, reli ikabaki inaning'inia hewani. Siku yangu maji yalikuwa yamepwa na bahari imelala, lakini nilitazama dirishani kwa heshima.

Paignton nilihamia treni ya mvuke, nayo ikanifikisha Kingswear, ambako reli inakomea. Dartmouth iko ng'ambo ya mto Dart. Mji huo una stesheni kamili ambayo haijawahi kupokea treni hata moja, kwa kuwa reli haikuvuka mto. Abiria walikata tiketi pale, kisha wakavushwa kwa chombo. Nami nilivuka kwa kivuko.

Ni katikati ya mto ndipo Chuo cha Jeshi la Majini cha Britannia, kinachofunza maofisa wa jeshi la majini la Uingereza, kinapokutokea chote: jengo refu la matofali mekundu na mawe meupe, limekaa juu ya kilima likitazama maji. Wageni wengi huvutwa na habari za wafalme, na habari hizo zipo. George wa Tano, George wa Sita na Charles wa Tatu walifundwa hapa, na Julai 1939 Elizabeth, malkia wa baadaye, akiwa na miaka 13, alikutana hapa na kadeti (mwanafunzi wa uafisa) Philip, aliyekuja kuwa mumewe. Mimi nilifuata habari za watoto.

Nilikuwa nimeweka nafasi mapema, kwa sababu hiki ni kituo cha jeshi na huingii bila mwenyeji wa kukuongoza. Aliyetuongoza alikuwa mzee mpole mwenye sauti nzito, na alianzia pale ambapo mimi pia ningeanzia: kwenye mto. Kabla ya jengo hili, chuo kilikuwa meli. Mwaka 1863 meli kuukuu ya mbao iliyoitwa Britannia ilivutwa hadi mto Dart ikatiwa nanga, na mwaka uliofuata ikaletwa ya pili, Hindostan. Daraja liliunganisha meli hizo mbili, na humo wavulana walisoma hesabu, wakapanda milingoti, wakalala kwenye vitanda vya kuning'inia. George wa Tano aliingia humo mwaka 1877 akiwa na miaka 12.

Lakini meli isiyosafiri inaoza, na watoto waliobanwa pamoja huambukizana. Maradhi yalizuka mara kwa mara, hadi wakubwa wakakubali kwamba shule lazima ihamie nchi kavu. Edward wa Saba aliweka jiwe la msingi Machi 1902, na Septemba 1905 jengo likapokea wanafunzi. Mchoraji wake, Aston Webb, ndiye aliyechora pia uso wa kasri ya Buckingham unaotazamwa na watalii leo.

Nilichopenda ni kwamba walipohama hawakuiacha meli nyuma. Ukumbi mkuu unaitwa sitaha ya tezi, yaani ya nyuma ya meli, na tangu enzi za merikebu tezi ndiko walikosimama wenye amri. Nikiwa katikati ya ukumbi ule, nikitazama roshani zilizouzunguka, nilijikuta nashusha sauti. Dari hili lilipigwa bomu na ndege za Ujerumani Septemba 18, 1942. Makadeti walikuwa likizo. Lau wangekuwepo, sijui tungesimulia nini leo. Mwanamke mmoja wa jeshi la majini alifariki, na chuo kikahamishiwa Cheshire hadi mwaka 1946, baada ya vita.

Katika ukumbi huohuo nilipata nilichokifuata. Siku hizo mvulana aliingia mafunzoni akiwa na miaka 13 hivi. Agosti 1, 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vikianza, amri ya kuita majeshi ilifika, na kwa saa chache makadeti zaidi ya 400 walifunga masanduku wakateremka kilimani kwenda kupanda manowari. Baadhi walikuwa na miaka 15. Septemba 22 mwaka huo nyambizi moja ya Ujerumani, U-9, ilizizamisha manowari tatu, Aboukir, Hogue na Cressy, ndani ya muda usiofika saa mbili. Watu zaidi ya 1,400 walikufa, wakiwemo wavulana wa hapa. Mmoja, Wenman Wykeham-Musgrave, aliiruka Aboukir ikizama, akaogelea hadi Hogue, nayo ikapigwa. Akaogelea hadi Cressy, nayo ikapigwa. Meli ya uvuvi ya Uholanzi ndiyo iliyomwokoa. Alikuwa na miaka 15. Mimi katika umri huo nilikuwa nikitumwa dukani.

Umri wa kuingia ulipandishwa hadi 16 mwaka 1948, kisha 18 mwaka 1955. Wanaoingia sasa ni watu wazima, wake kwa waume, wengi wana shahada, na miongoni mwao wamo wanaotumwa na mataifa mengine. Mafunzo ya awali huchukua karibu wiki 30. Kwanza wanafanywa askari: gwaride, kupiga pasi, kuamka alfajiri, kutembea na mzigo katika nyika ya Dartmoor huku kiongozi akibadilishwa ili kila mmoja apimwe. Kisha wanafanywa mabaharia, wakiendesha mashua mtoni. Halafu wanapelekwa manowarini, na huko hawapewi cheo cha kujivunia: wanaishi na mabaharia wa kawaida, wanasugua sitaha pamoja nao.

Hapo nilimkumbuka marehemu baba, aliyekuwa serahangi, msimamizi wa mabaharia, katika jahazi. Alikuwa akisema nahodha asiyewahi kufua maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ya chombo, hajui chombo chake kinavuja wapi.

Alasiri niliteremka gatini kusubiri kivuko. Maji yalikuwa yanajaa kwa kasi. Chini ya chuo, mashua ya makadeti ilikuwa ikijaribu kufunga gati. Msichana aliyeshika usukani alichelewa kuukata mkondo, mashua ikasukumwa pembeni. Akarudi nyuma, akazunguka, akakosa tena. Mwalimu alisimama nyuma yake, mikono mgongoni, kimya. Kivuko changu kiling'oa akiwa anageuza omo, mbele ya mashua, kwa mara ya tatu, na kichwa cha gati kikaniziba nisimwone.